DAMU ITOKE KITOMANGA, VITI WAKALIE WENGINE!

Ndugu msomaji, wewe uliyeshika gazeti hili pale Kariakoo huku bega moja limebeba mikanda na soksi, unaitwa mmachinga. Mgambo wanakukimbiza kwa jina hilo, na wakubwa wanakusifu kwa jina hilo kila uchaguzi unapokaribia. Jina hilo umelipata kwetu. Wamachinga ni watu wa pwani ya Lindi, na vijana wa huko wanatajwa kuwa ndio waliotangulia kuja Dar es Salaam kutembeza bidhaa mkononi. Kwa hiyo nikianza habari za Kitomanga usikimbilie ukurasa wa mpira. Hizi ni habari za wenye jina lako.

Kitomanga ni kata ya jimbo la Mchinga. Mabasi ya kusini yanapita, abiria wanachungulia dirishani, yanaondoka. Mimi ni wa hapo. Nikiwa mtoto wa shule ya msingi walikuja watafiti wa taasisi moja ambayo jina lake naliweka kibindoni. Walikuja usiku. Saa nne, saa tano, saa sita, watu wanaamshwa kwa tochi na kandili, kidole kinatobolewa, tone la damu linapakwa kwenye kipande cha kioo. Sisi watoto tuliambizana kwamba hao ndio mumiani tuliokuwa tukitishwa nao. Wala hawakuwa mumiani. Nilipofika sekondari ndipo nikajua sababu ya usiku: vijidudu vya minyoo ya matende na mabusha hujificha ndani ya mwili mchana, na usiku huingia kwenye damu ya juu, saa ambazo mbu wake anauma. Sayansi safi kabisa, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwa babu yangu. Naye alitoa kidole. Alikuwa na busha la miaka mingi, suruali aliiacha zamani, akawa mtu wa kanzu na shuka. Akapewa kipande cha sabuni na ahadi kwamba majibu yataletwa. Hayakuletwa. Mzee yule amekufa bila kujua damu yake ilisomeka nini, imejaza karatasi za nani, na yule aliyelipia mafuta ya gari la usiku ule aliambiwa nini.

Nilipoanza kuuza habari magazetini (kidato cha nne tu, sina ofisi wala digrii, nalipwa kwa habari iliyochapwa) swali hilo halikuniacha. Nani aliamua kwamba gari lije Kitomanga? Na nani aliamua kwamba lisirudi?

Jibu wengi wetu hatulijui, kwa sababu tunadhani utafiti wa afya unaanza na sindano. Unaanza na andiko. Mtafiti anaandika: nataka kuchunguza jambo hili, kwa njia hii, kwa fedha kiasi hiki. Andiko linakwenda kwa mwenye fedha, iwe serikali au mfadhili wa nje. Mwenye fedha anaita jopo la wataalamu wamshauri. Kila andiko linasomwa na wajumbe wawili watatu wanaolipa alama, kisha jopo zima linakaa mezani na kubishana. Marekani, kwenye taasisi yao ya taifa ya utafiti wa afya, alama zinaanzia 1 ambayo ndiyo bora mpaka 9 ambayo ni ya kutupwa, na maandiko mengi hayazungumzwi kabisa kikaoni. Mjumbe mwenye mkono wake ndani ya andiko anatakiwa atoke nje ya chumba linapojadiliwa.

Katika chumba hicho ndipo busha linapata mtu wa kulichunguza au linakosa. Bungeni watapitisha fungu la jumla na kupiga makofi, lakini hii shilingi iende kwa ugonjwa upi, wilaya ipi, swali lipi, hayo yanamalizwa mezani kwa jopo.

Nilimtafuta daktari mmoja aliyewahi kuketi kwenye jopo la namna hiyo. Aliomba nisimtaje, na sitamtaja.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mdogo wangu. Umetumwa na chama?"

"Nimetumwa na busha la babu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyatafuna mpaka leo. Alisema kazi yenyewe ni ngumu: maandiko mengi, kurasa nyingi, unasoma usiku baada ya wodi, na posho ya kikao haitajirishi mtu kama tunavyodhani sisi wa vijiweni. Nikamuuliza habari ya kutoka nje ya chumba. Akasema, "Wasomi wenyewe hatuzidi kiganja. Niliyempa alama leo nimesoma naye, na kesho yeye ndiye atakayenipa alama mimi. Ukimtoa nje kila anayemfahamu mwombaji, chumba kitabaki na mhudumu wa chai."

Nikamuuliza: na mgonjwa, mliwahi kukaa naye mezani? Akanitazama kama nimeuliza kama mbuzi aliwahi kuwa mjumbe.

Hapo ndipo penye kidonda. Jopo likikaa bila mgonjwa, linapima kwa mizani iliyoko mezani, na mizani hiyo inauliza kwanza: unaua wangapi? Malaria inaua, inapita. Kifua kikuu kinaua, kinapita. Busha haliui. Linamtoa mvuvi kwenye ngalawa, linamfanya mume alale peke yake, linamfanya mzee aache kwenda harusini. Mizani ya miaka ya uhai iliyopotea haina mahali pa kuandika mzee aliyeacha kwenda harusini.

Na sisi vijana tusijitie utakatifu. Mangapi tumesema vijiweni? Kwamba busha linatokana na kunywa madafu mengi. Kwamba ni dalili ya utajiri. Tumecheka sana. Sasa sikiliza wewe unayelala Mbagala au Manzese: minyoo ile inabebwa na mbu, na mmoja wa mbu hao ni huyu wa mjini anayezaliana kwenye makaro ya vyoo na mitaro yenye maji machafu. Busha halihitaji madafu. Linahitaji karo lililo wazi nyuma ya chumba chako cha kupanga.

Serikali ilianza mpango wa kutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000, ikaanzia kisiwa cha Mafia. Watu wakagawiwa ivermectin na albendazole, dawa zinazotolewa bure na kampuni za Merck na GlaxoSmithKline. Kazi nzuri, nani atabisha? Lakini dawa hizo zinaua vijidudu vilivyo kwenye damu ili mbu asimwambukize mwingine. Busha lililokwisha kujaa hazilishushi. Hilo dawa yake ni kisu, upasuaji ambao hospitali ya wilaya inaumudu. Sasa mtu wa Kitomanga angekuwa na kiti kwenye jopo angeuliza nini? Angeuliza kwa nini wazee wanakufa nalo wakati kisu kipo. Ni nauli? Ni aibu ya kuvua nguo mbele ya muuguzi wa umri wa mjukuu wake? Ni hofu kwamba nguvu za kiume zitakwisha? Hayo ni maswali ya utafiti kama mengine, tena ya bei rahisi. Hayaulizwi kwa sababu mezani hapana mwenye busha. Au kama yupo, amenyamaza.

Nenda kusini zaidi kidogo. Mwaka 1952 uwanda wa Makonde, Newala, ulikumbwa na homa iliyowapinda watu viungo hata kusimama wima ikawa kazi. Madaktari wa Kiingereza, Robinson na Lumsden, waliiandika kitabibu mwaka 1955. Jina walilichukua kwa wagonjwa wenyewe, neno la Kimakonde la kupinda: chikungunya. Leo neno hilo la kwetu linatamkwa Geneva na Washington. Ni lini lilipata fedha za maana? Lilipopanda ndege. Mwaka 2005 na 2006 liliangusha kisiwa cha Réunion, eneo la Ufaransa, zaidi ya watu 200,000, karibu theluthi ya kisiwa kizima. Mwaka 2007 likaingia Italia. Hapo majopo yakaamka. Chanjo ya kwanza ikaidhinishwa Marekani Novemba 2023, na Agosti 2025 Marekani hiyo hiyo ikasimamisha leseni yake. Hesabu mwenyewe: tangu 1952 hadi 2023 ni miaka 71. Mmakonde aliyepindishwa akiwa mtoto alikuwa babu wa vilembwe Wazungu walipopata chanjo ya ugonjwa uliobatizwa kwa lugha yake.

Na Ruangwa? Julai 2022 watu walianza kutoka damu puani na kuanguka. Nchi nzima ikashika roho, tukafikiri Ebola imefika kusini. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni leptospairosisi, waliyoiita homa ya mgunda. Wagonjwa 20, marehemu 3. Mgunda kwa lugha zetu za kusini ni shamba. Ni ugonjwa wa vijidudu vinavyotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na kumpata mtu kupitia maji na udongo. Nani anayeshinda kwenye udongo na maji kule Lindi? Mkulima. Ni mtu yule yule ambaye hajawahi kuulizwa nini kichunguzwe.

Mtaniambia tuna taasisi. Tunazo. Sheria ya mwaka 1979 iliunda NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nihesabu vituo vyake vikuu: Amani kule Muheza, Tanga, Mwanza, Tabora, Mbeya, Muhimbili. Kidole changu hakijavuka Rufiji. Sheria ya mwaka 1986 ikaunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ile ya Kijitonyama iliyokipa kituo cha daladala jina la Sayansi. Ina mfuko wa utafiti na kamati zake za ushauri. Wangapi wanaoteremka pale kituoni kila siku wanaweza kunitajia wajumbe watatu wa kamati ya afya? Nitajie wawili. Haya, mmoja.

Nisiwe mwongo: wapo waliofika. Taasisi ya Ifakara ilifanya utafiti Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba juu ya kuwapa watoto wachanga dawa ya SP wanapopelekwa kwenye chanjo, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo. Watoto wa Lindi walisaidia dunia kujua jambo. Hilo nalipigia saluti, na linazidi kuonyesha ninachosema. Kwenye kutoa damu tunatosha. Kwenye kukaa mezani ndiko hatutoshi?

Na upo ushahidi wa hapa hapa kwamba wenye nyumba wakihesabiwa, fedha zinahama. Miaka ya 1990 ulikuwepo mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro, kwa fedha za Kanada. Watu waliulizwa nyumba kwa nyumba: nani amekufa, kwa dalili gani. Ikaonekana kwamba Morogoro malaria ilikuwa ikila asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, wakati bajeti iliipa asilimia 5. Wilaya zikapanga upya mafungu yao kwa hesabu ile. Vifo vya watoto katika wilaya hizo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Mzee wa Utete hakuhitaji udaktari wa falsafa kusema mwanawe alikufa kwa degedege. Alihitaji mtu wa kumuuliza, na mtu wa kuliandika jibu lake kwenye karatasi ya bajeti.

Najua kigogo mmoja sasa hivi anacheka: huyu kijana wa kidato cha nne anataka wavuvi wapime takwimu! Kwanza, sijasema wapime takwimu. Takwimu ziko na wenyewe, wapime. Pili, hilo analocheka limeshafanyika kwa hao hao anaowaiga. Mei 1990 vijana wa Marekani wenye ukimwi, wa kundi la ACT UP, walivamia uwanja wa taasisi yao ya utafiti wa afya kwa mabango na firimbi. Wengi wao hawakuwa madaktari. Walidai viti kwenye kamati zinazopanga majaribio ya dawa, na wakavipata. Leo Uingereza, taasisi yao ya taifa ya utafiti wa afya inawaweka raia wa kawaida, wagonjwa na wanaowatunza, kwenye kamati zinazogawa fedha, na inawalipa. Marekani wanawake waliopona saratani ya matiti wamekuwa wakikaa na maprofesa kusoma maandiko ya fedha za jeshi la nchi hiyo tangu miaka ya 1990. Sayansi haikufa. Wa kwetu tu ndio wataua sayansi?

Sasa ngoja niseme kwa nini nayaandika leo. Tulizoea kwamba mwenye fedha yuko nje, kwa hiyo na jopo liko nje, sisi kazi yetu ni kutoa vidole. Mwaka 2025 mwenye fedha alifunga duka. Januari, Rais Trump alisimamisha misaada ya nje. Mei, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani ikazuia fedha zilizokuwa zikipitia vyuo vyao kwenda kwa washirika wa nchi za nje. Julai, USAID ikafungwa rasmi. Kama tutafanya utafiti, sehemu kubwa zaidi itabidi itoke mfukoni mwetu, yaani kwenye kodi ya unga, ya vocha na ya nauli yako. Na hapo mwenye haki ya kuuliza nani anagawa ni wewe.

Juni 2025 hiyo hiyo waziri wa afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., aliwafukuza kwa mkupuo wajumbe wote 17 wa kamati inayoshauri mambo ya chanjo. Hiyo ni kamati ya chanjo, haigawi fedha za utafiti, lakini nataka uone kitu kimoja. Dunia nzima ilijua ni 17. Majina yao yalikuwa wazi, vikao vyao vilikuwa vya hadhara, maslahi yao yaliandikwa. Ndiyo maana kelele zilipigwa. Jopo letu likifukuzwa leo usiku, au likijazwa mashemeji, nani atajua? Nani atapiga kelele kwa ajili ya watu asiowajua?

Ahadi tunazo za kujaza debe. Wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Addis Ababa, Januari 2007, kwamba asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Novemba 2008 kule Bamako mawaziri wakasema angalau asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya iende kwenye utafiti wa afya. Rais Kikwete akiwa madarakani aliirudia ile asilimia 1 kwa kinywa chake, na mwaka 2020 jimbo letu la Mchinga likapata mbunge ambaye ni mkewe, Mama Salma Kikwete. Ahadi ikalala nyumba moja na jimbo! Na sisi wa upinzani tusijifiche nyuma ya mlango. Jimbo hilo hilo lilikuwa mikononi mwa CUF tangu 2015 mpaka 2020, na mimi sikumsikia mtu akisimama kuuliza nani anakalia viti vya jopo. Barabara waliuliza, korosho waliuliza, hili hapana.

Basi tuulize sisi. Majina ya wajumbe wa kila jopo linalogusa fedha ya umma yabandikwe, na kila mmoja aseme ana andiko gani sehemu gani. Alama na sababu zitangazwe baada ya kikao. Viti viwili katika kila jopo la afya wakalie watu wanaougua au wanaowauguza, mmoja wao awe wa kijijini, walipwe posho ile ile ya profesa na nauli ya kutoka Kitomanga. Andiko lisiloonyesha majibu yatarudishwaje kijijini lipewe ile 9 ya Wamarekani. Na mashemeji wakizidi chumbani, waitwe wasomaji kutoka Nairobi, Kampala, Maputo, watu ambao kesho hawatahitaji fadhila ya mwombaji.

Nimeandika barua kwa ofisi moja ya umma kuomba orodha ya majina. Nilipokewa vizuri, barua ikagongwa mhuri, nikaambiwa mhusika yuko safarini kwenye warsha. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Hii ni ya tano na warsha haijaisha. Wakinipa majina nitayaandika hapa hapa, moja baada ya jingine, na Kitomanga watabandikiwa nakala kwenye ukuta wa zahanati. Wasiponipa, wiki ya sita nitakuwa tena mlangoni, na safari hii nitakwenda na wazee watatu wenye kanzu.